Jibu kwa Wanaoniuliza Kuhusu Kununua Shamba Kijijini Java

Ndugu zangu watazamaji, habari za huko nyumbani. Leo nimesimama juu ya tuta linalotenganisha majaruba mawili ya mpunga katika kijiji cha wakwe zangu, wilaya ya Klaten, Java ya Kati, nchini Indonesia, katikati ya miji ya Yogyakarta na Solo. Mlima mnaouona nyuma yangu ni Merapi, ule uliolipuka mwaka 2010 na kuua watu zaidi ya 300. Majivu yake ndiyo yaliyoupa udongo huu rutuba, na chemchemi zinazotoka miguuni pake ndizo zinazoleta maji haya mnayoyasikia yakipita.

Tangu niweke video ya mavuno, wengi wenu mmeniandikia swali lile lile: je, Mtanzania anaweza kununua shamba huku, akajenga nyumba na kulima mpunga kama mimi? Kaka mmoja wa Mbeya ameniambia fedha anazo tayari. Nimeona ni wajibu wangu kulijibu swali hili kwa kirefu, kwa sababu mimi mwenyewe niliingia humo bila kuuliza na nikaumia.

Kwanza, sheria. Sheria ya Ardhi ya Indonesia ya mwaka 1960 inatoa umiliki kamili, unaoitwa hak milik, kwa raia wa Indonesia tu. Mgeni mwenye kibali cha kuishi anaweza kupewa haki ya kutumia ardhi kwa ajili ya nyumba, inayoitwa hak pakai, ambayo kwa kanuni za mwaka 2021 hutolewa kwa miaka 30, huweza kuongezwa 20, kisha kuhuishwa kwa mingine 30, na hata hapo nyumba yenyewe isiwe chini ya bei iliyowekwa na serikali kwa kila jimbo. Hiyo ni nyumba. Shamba la mpunga ni habari nyingine kabisa. Kanuni za miaka ya sitini zinakataza shamba kumilikiwa na mtu asiyeishi katika tarafa lilipo, kwa hiyo hata Mwindonesia anayeishi Jakarta, kwa mujibu wa sheria, hapaswi kununua majaruba haya. Tena iko sheria ya mwaka 2009 ya kulinda mashamba ya chakula, ambayo inazuia maeneo yaliyotengwa kwa kilimo yasigeuzwe viwanja vya nyumba. Watu wa huku huyaita ukanda wa kijani, na ramani yake inapatikana katika ofisi za wilaya.

Wapo watakaosema kwamba nchi hii inawabagua wageni. Ndugu zangu, tukumbuke kwamba Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 nayo haimgawii ardhi asiye raia isipokuwa kwa uwekezaji. Wazee wa Kyela, ninakotoka mimi, wasingekubali mgeni anunue mabonde yao ya mpunga kwa sababu tu ana dola mfukoni, na wazee wa hapa wana haki ile ile ya kukataa.

Sasa nieleze yaliyonipata. Mwaka 2019, kabla ya harusi yetu, dalali mmoja wa mjini alinionyesha kipande cha shamba kando ya barabara, akaniambia kwamba tutakiandika kwa jina la dereva wake, kisha tutaandikishana mkataba wa pembeni unaosema mwenye mali ni mimi. Aliniambia kila mgeni hufanya hivyo. Nikatoa malipo ya awali ya rupia milioni 25, karibu shilingi milioni 4 za kwetu. Baada ya wiki mbili nilimweleza baba mkwe. Mzee hakunifokea. Alivaa shati lake la batiki, akanipeleka kwa mkuu wa kijiji, na pale tukafunguliwa daftari la kijiji la kumbukumbu za ardhi, lile wanaloliita Letter C. Kipande kile kilikuwa bado kwa jina la marehemu aliyeacha watoto 6, wawili wakiwa Sumatra, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ametia saini. Isitoshe, kilikuwa ndani ya ukanda wa kijani. Mkuu wa kijiji akanieleza kwa upole kwamba mkataba wa kumfichia mgeni umiliki ni batili mbele ya sheria, ardhi yenyewe huweza kurudi serikalini, na fedha iliyolipwa haidaiwi. Baada ya miezi ya kufuatilia nilirudishiwa nusu. Nawaomba sana, msikubali ushauri wa jina la kukopa, hata kama anayewashauri ni Mswahili mwenzenu.

Mwenye mke au mume wa hapa naye ana jambo la kulifahamu mapema. Mkioana bila mkataba wa kutenganisha mali, ardhi ambayo mwenzako ataipata ndani ya ndoa huhesabiwa ni mali ya wote wawili, na kwa kuwa wewe ni mgeni, mnaweza kutakiwa kuiachia ndani ya mwaka mmoja. Mimi na mke wangu tulisaini mkataba huo kwa mthibitishaji wa mikataba kabla ya harusi. Waliochelewa wasikate tamaa, kwani tangu hukumu ya Mahakama ya Katiba ya mwaka 2016, mkataba huo unaweza kufanywa hata ndoa ikiwa imeshafungwa.

Baada ya sheria tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Shamba la baba mkwe lina mita za mraba 3,000, yaani chini ya theluthi ya hekta, na kwa kipimo cha Java yeye si mtu wa chini, kwa sababu sensa ya kilimo ya mwaka 2023 ilikuta kaya zaidi ya milioni 16 nchini zenye ardhi isiyofika nusu hekta. Kwa msimu mmoja shamba hili hutoa kama tani moja na nusu ya mpunga, wakati mwingine zaidi kidogo. Serikali iliweka bei ya rupia 6,500 kwa kilo mwaka 2025, kwa hiyo msimu mzuri huleta takriban rupia milioni 10, ambazo ni kama shilingi milioni 1.6. Toa mbolea, pawatila, vibarua wa kupandikiza na mashine ya kuvuna. Tena mzee ana umri mkubwa, halimi peke yake. Analima kwa utaratibu wa maro, ambapo jirani asiye na shamba hulima na mavuno hugawanywa nusu kwa nusu. Ukilinganisha kinachobaki na bei ya ardhi, ambayo kwa shamba dogo la hapa ni mamia ya milioni za rupia, utaona kwamba mpunga hauwezi kurudisha fedha hiyo katika maisha ya mnunuzi. Bei imepandishwa na viwanda, nyumba mpya, na barabara ya kulipia ya Solo kwenda Yogyakarta, ambayo kipande chake cha kufika Klaten kilifunguliwa mwaka 2024 na kumeza majaruba mengi.

Kwa nini basi watu hawa hawauzi wote? Maji ndiyo jibu la kwanza. Huku tunavuna mara mbili kwa uhakika, na penye chemchemi nzuri hata mara tatu kwa mwaka. Yuko ofisa wa kijiji anayeitwa ulu-ulu, ambaye kazi yake ni zamu za maji. Jana usiku zamu yetu ilifika saa nane, nikamsindikiza mzee na tochi. Aliinama, akaondoa bonge la udongo lililoziba mdomo wa mfereji, akaweka mkono ndani ya maji kupima kasi yake, kisha akachuchumaa pale kwa saa nzima mpaka jaruba la mwisho lilipojaa. Alipomaliza alirudisha udongo ule ule mahali pake, akaukandamiza kwa kisigino, ili jirani wa chini asikose haki yake. Nilikulia kwenye mpunga, lakini uaminifu wa namna hiyo saa tisa usiku, pasipo mtu wa kukuona, ulinigusa sana.

Jibu la pili ni majirani. Mbele ya kila nyumba ya mtaa wetu kimening'inizwa kikopo kidogo, na kila jioni mwenye nyumba hutia humo konzi ya mchele au sarafu ya rupia 500. Walinzi wa zamu ya usiku, mfano wa sungusungu wetu, hupita wakikusanya, na fedha hiyo huwasaidia wagonjwa, misiba na ukarabati wa taa za njiani. Huitwa jimpitan. Mimi nina zamu yangu kila Jumatano, na kwa maoni yangu zamu hiyo ndiyo iliyonifanya niitwe mtu wa hapa. Hakuna karatasi iliyofanya kazi hiyo.

Kaka wa Mbeya, ukitaka kuja kuishi, njoo kwanza upange nyumba kwa mwaka mmoja. Nyumba za kupanga vijijini zipo na bei zake ni za kustahimilika. Ukitaka kulima, kodi shamba kwa msimu, mkataba uandikwe na mkuu wa kijiji aone. Kuhusu ile nusu ya fedha niliyorudishiwa, nilimtumia mdogo wangu Kyela, akalipia upimaji wa shamba la marehemu baba, na mwaka jana serikali ya kijiji ilimkabidhi mama hati ya hakimiliki ya kimila yenye jina lake.