Maji Yanapoganda Ardhini: Kutoka Yakutsk hadi Bonde la Teleki

Mabibi na mabwana, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliofika jioni hii:

Asubuhi isiyo na mawingu, mtu aliye juu ya jengo refu hapa Nairobi huweza kuuona Mlima Kenya upande wa kaskazini, na macho yetu hukimbilia weupe wa kileleni. Leo nawaomba tuyashushe macho hadi kwenye udongo, kwani nimesadiki kwamba nchi ya baridi hufinyangwa hasa na maji yanayoganda ndani ya ardhi.

Aliyewahi kusahau chupa ya maji kwenye friza anajua kwamba maji yakiganda huongezeka ujazo, takribani asilimia 9, na ndivyo miamba ya milimani inavyopasuliwa. Udongo una siri nyingine. Mwaka 1930 mwanajiolojia Mmarekani Stephen Taber alionyesha kwamba hata udongo uliolowa kemikali ya benzini huinuka unapoganda, ilhali benzini, tofauti na maji, husinyaa ikiganda. Kumbe ardhi huinuliwa zaidi na maji yanayofyonzwa kutoka chini kuelekea kwenye barafu inayokua, kama utambi unavyovuta mafuta ya taa.

Huko Yakutsk, Siberia, mfanyabiashara Fyodor Shergin alianza kuchimba kisima mwaka 1828. Kazi iliposimama mwaka 1837, shimo lilikuwa limepita mita 116, na udongo wa chini ulikuwa ungali umeganda. Ardhi ya namna hiyo, inayokaa kwenye nyuzi 0 za Selsiasi au chini yake kwa angalau miaka 2 mfululizo, huitwa pemafrosti. Kiangazi huyeyusha tabaka la juu tu, na kwa kuwa maji hayana njia ya kuteremka, nchi yenye mvua haba hujaa vinamasi. Nyumba nyingi za Yakutsk husimama juu ya nguzo, hewa baridi ikipita chini ya sakafu, ili joto la wakazi lisiyeyushe ardhi inayowabeba. Karibu na Tuktoyaktuk, kaskazini mwa Kanada, maji yaliyobanwa ardhini yameinua vilima vyenye moyo wa barafu. Kile cha Ibyuk kina kimo cha karibu mita 49.

Mlima Kenya wetu hauna majira ya baridi. Tofauti ya joto kati ya mchana na usiku ni kubwa kuliko tofauti kati ya mwezi na mwezi, kwa hiyo mgando ambao Yakutsk huusubiri mwaka mzima, Bonde la Teleki, lililo juu mlimani humo, huupata karibu kila usiku wenye anga wazi. Baridi haipati muda wa kuzama. Hushika sentimita chache, kisha jua huchomoza. Toka hemani alfajiri, ukanyage udongo mtupu kando ya njia, nao utavunjika chini ya kiatu kwa mlio wa kioo chembamba. Ukiinama utaona sindano za barafu zimesongamana wima, ndefu kama kiungo cha kidole, zikiwa zimebeba kokoto vichwani. Sindano huota zikiwa pembemraba na uso wa mteremko, lakini zikiyeyuka kokoto huanguka wima kuelekea chini, na hivyo kila usiku huisogeza kidogo bondeni. Mtu hawezi kuiona safari hiyo kwa siku moja, lakini mteremko mzima umo safarini.

Mwanajiografia Mwingereza Halford Mackinder alipofika Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, mwaka 1899, mito ya barafu ya Lewis na Tyndall ilikuwa mipana kuliko tunavyoiona leo. Inaporudi nyuma huacha kifusi kibichi, na sindano huanza kazi papo hapo. Mmea mdogo wa Senecio keniophytum umekuwa ukiufuata ukingo wa Tyndall unaorudi nyuma, lakini si kila mche unaodumu. Mwingine utaukuta asubuhi umelala ubavu, mizizi ikiwa nje, ingali imeshikilia tonge la udongo.