Dumu la Mafuta na Makombo ya Mtoto: Mhadhara kwa Akina Mama Wanaolea

Shikamooni mama zangu mlionitangulia. Tuliolingana, habari za mchana. Wenye watoto msihangaike kuwanyamazisha, nimezoea kusema huku watoto wanalia. Anayenyonyesha anyonyeshe.

Mwenyekiti wenu aliponipigia simu alisema, "Dada, utuletee ratiba ya chakula ya kupungua uzito." Sijaileta. Ratiba zinazozunguka kwenye simu zenu nazijua: alfajiri maji ya ndimu, saa nne tunda, saa saba samaki wa kuchoma na kachumbari, jioni supu ya mboga. Aliyeiandika hajawahi kumwogesha mtoto wa miaka miwili huku wa miezi saba analia kitandani na gari la shule linapiga honi nje. Halafu huyo samaki wa kuchoma ni wako peke yako. Watoto na baba yao wanakula nini? Unapika mara mbili. Mama aliyekosa nafasi ya kupika mara moja anaambiwa apike mara mbili. Wiki haijaisha ameacha, na anajilaumu kwamba hana msimamo.

Katika miaka yangu ya kazi ya lishe, wanaopungua na wakabaki wamepungua ni wale waliogeuza chungu cha nyumba nzima. Wanaojitengea chungu chao huwa narudi kuwaona mwaka unaofuata na kilo zilezile. Basi leo tutazungumza chungu.

Hesabu kidogo kwanza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 28 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia. Mijini ni wengi kuliko vijijini. Ukiwa na urefu wa sentimita 160, uzito unaanza kuhesabiwa kuwa umezidi kwenye kilo 64, na kiribatumbo kinaanza kwenye kilo 77 hivi. Naona mnaangaliana! Sisemi kila mmoja akimbilie 64. Mwenye kilo 80 akipunguza nne tu, presha na sukari vinaanza kumshukuru. Hizo nne ndizo tunazozitafuta hapa, na hasa kwa wale walioambiwa kliniki kwamba wana kisukari cha mimba, maana kile hata kikiondoka baada ya kujifungua, hatari ya kisukari cha ukubwani inabaki.

Kilo zinatoka wapi? Mwanamke aliyeshika mimba akiwa na uzito wa kawaida hutarajiwa kuongezeka kilo 11 na nusu hadi 16. Siku ya kujifungua zinaondoka kama tano au sita: mtoto, kondo la nyuma, maji. Majimaji mengine yanatoka wiki zinazofuata. Kinachobaki ni akiba ya mafuta ambayo mwili umejiwekea kwa ajili ya kunyonyesha.

Hapo ndipo inapoingia arobaini, na mimi arobaini sitaisema vibaya mbele ya mama zangu. Mzazi amepoteza damu, ana kidonda, halali. Aletewe mtori, aletewe supu ya kuku wa kienyeji, uji wa ulezi wenye pilipili manga. Kunyonyesha peke yake kunakula kama kalori 500 kwa siku, ambazo ni karibu robo ya chakula cha mwanamke wa kawaida. Tatizo linakuja pale arobaini inapokwisha na chakula cha arobaini kisikwishe. Sheria ya Ajira ya 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 kama ni mapacha. Kwa hiyo unarudi kazini mtoto hajatimiza miezi mitatu. Mchana hanyonyi, maziwa yanapungua, zile kalori 500 hazitumiki tena zote, lakini chupa ya uji wa mzazi bado inajazwa kila asubuhi kama jana.

Sheria hiyohiyo, niseme tu kwa kuwa nimeigusa, inamruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa mbili za kazi kwa siku kumnyonyesha mtoto. Wangapi mlikuwa mnajua? (Mikono michache.) Najua, anayekaa Mbagala, pembezoni mwa Dar es Salaam, na kufanya kazi Posta, katikati ya jiji, saa mbili zinaishia kwenye foleni. Lakini kazungumze na mwajiri. Wako waliokubaliwa kutoka mapema.

Sasa nimemwomba mwenyeji wetu anitolee dumu la mafuta jikoni kwake. Hili hapa, la lita tano, limebaki nusu. Mama, dumu hili linakaa muda gani?

("Wiki mbili. Mwisho wa mwezi hazifiki.")

Mko wangapi?

("Watano. Huyu mdogo ana mwaka mmoja.")

Haya. Yawe ya alizeti, yawe ya mawese, lita moja ya mafuta ina kalori 8,000 na kidogo. Dumu zima ni 40,000 na ushei. Gawa kwa watu watano, gawa kwa siku 14: kama kalori 570 kwa kila mtu, kila siku, kabla hamjagusa ugali. Kuna yanayobaki kwenye kikaango na kumwagwa, sawa. Lakini na huyu wa mwaka mmoja hawezi kula mafuta yote hayo, sehemu yake mnaila ninyi wakubwa. Dumu hilihili likikaa mwezi mzima, mnashuka hadi 270 hivi. Kila mtu kapunguza kalori 300 kwa siku, na hakuna aliyenyimwa chakula. Mkitembea saa nzima kwa mwendo wa haraka, mnachoma kama 250. Mnaona mwenye nyumba alikoficha kilo zake?

("Kwenye dumu!" Kicheko.)

Tunakosea kwenye mkono. Dumu linainamishwa juu ya sufuria, mafuta yanamiminika, macho yako kwa mtoto anayepanda kiti. Funika dumu, chukua kijiko cha chakula. Kijiko kimoja ni kalori 120. Mboga ya watu watano inatosheka na viwili: kaanga kitunguu kwa moto mdogo, tia nyanya, funika, zile nyanya zitatoa maji yake na kumaliza kazi. Mchicha wa nazi hauhitaji mafuta kabisa, tui ni mafuta tayari. Na bado mtu anakaanga kitunguu kwa upawa wa mafuta, halafu anamimina tui zito juu yake, halafu pembeni kuna samaki wa kukaanga! Chapati ya kusukuma, iliyokunjwa kwa mafuta na kuchomwa kwa mafuta, inafika kalori 300 bila taabu. Siifukuzi nyumbani. Iwe ya Jumapili.

Wengine mtaniambia baba watoto atalalamika mboga haina mafuta. Msimtangazie. Punguza kijiko kimoja wiki hii, kingine wiki ijayo. Ulimi unazoea kimyakimya. Ukitangaza, atakinusa hata kisichokuwepo.

Sukari sitakaa nayo muda mrefu kwa sababu mmeshaisikia. Shirika la Afya Duniani linashauri tuishie gramu 25 kwa siku ikiwezekana, yaani vijiko sita vya chai. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina kama vijiko tisa. Basi.

Ninachotaka tukizungumze vizuri ni makombo. Nani hapa humalizia uji wa mtoto? (Karibu wote.) Mtoto kapewa yai, kala nusu. Kapewa andazi, kalimega pembeni, kalitupa mkekani. Wewe unapita na fagio mkononi, unaliokota, unapuliza vumbi, linakwenda kinywani. Ukoko wa wali unaukwangua ukiwa umesimama jikoni. Ukiulizwa mchana umekula nini, unasema kwa moyo mweupe kabisa, "Sijala kitu tangu asubuhi." Husemi uongo, hujakaa ukala. Ila umekula.

Najua kwa nini. Kutupa chakula ni dhambi, tumelelewa hivyo, na bei ya yai mnaijua kuliko mimi. Dawa yake ni kumpakulia mtoto kidogo kuliko unavyodhani atakula. Kijiko kimoja, viwili, kwenye kibakuli chake. Akimaliza na akitaka, anaongezewa. Kilichobaki kwenye sufuria hakijaguswa, kitakuwa kiporo cha kesho. Na wewe upakue yako muda uleule, ukae mkekani pamoja nao, mle. Watamwaga, watakuchafua, lakini utakuwa umekula mlo mmoja unaojulikana.

Maana asiyekaa na watoto jioni hukaa saa tatu usiku. Nyumba imetulia, tamthilia imeanza, sahani imejaa. Hapo mimi huwa namhurumia sana mama, kwa sababu hiyo ndiyo nusu saa yake pekee ya mchana na usiku. Watu wanasema kula usiku kunanenepesha. Saa yenyewe haina kosa. Kinachoongeza kilo ni kwamba huo ni mlo wa pili wa jioni: wa kwanza uliula kwa makombo. Ongeza na usingizi wa kukatikakatika, maana mwili usiolala huongeza homoni ya njaa na kupunguza ile ya kushiba. Ndiyo maana baada ya usiku wa homa ya mtoto mchicha haukuvutii. Unatamani kitumbua. Jirani au dada yako akikuuliza akusaidie nini, usiseme akufulie. Mwambie akushikie mtoto ulale saa moja.

Kuna jingine linalowarudisha nyuma, na hili halimo kwenye sufuria. Mama kaanza kupungua, kaongeza nguvu, presha imeshuka. Anakutana na shangazi msibani: "Mwanangu, mbona umeisha? Unaumwa? Mumeo anakutesa?" Kwetu mwanamke akinenepa amenawiri, katunzwa. Akikonda, watu wanaanza kunong'ona ugonjwa, na tunajua ugonjwa gani. Nimeona wanawake wameacha kila kitu kwa sababu ya sentensi moja ya shangazi. Mimi nashauri uwe na jibu tayari, fupi, la heshima: "Daktari kanipunguzia chumvi na mafuta, shangazi, niombee." Akisikia daktari, ataacha. Na dera nalo! Nalipenda dera, nimelivaa leo. Lakini dera halikwambii kitu, ukiongeza kilo kumi linakukaribisha vilevile. Kila mwezi vaa ile sketi yako ya kiuno, hata kama ni ya chumbani tu.

Chai za kupunguza tumbo mnazouziwa: nyingi zina majani ya senna, ambayo ni dawa ya kuharisha. Yanafanya kazi kwenye utumbo mpana, na kalori zimeshafyonzwa mapema kwenye utumbo mwembamba. Unachopoteza ni maji. Mizani inashuka Jumatatu, inapanda Jumatano. Anayenyonyesha asiziguse. Mkaja nao unakushika mgongo na kukupa raha, ufungeni, ila hauyeyushi mafuta.

Mazoezi, kwa ufupi. Dakika 150 kwa wiki, mwendo wa haraka, zinaweza kukatwa kumikumi. Shuka daladala kituo kimoja kabla. Mbebe mtoto mgongoni, mzunguke mtaa. Kina mama wa klabu za jogging za Jumamosi mnawaona barabarani wakiimba, jiungeni, angalau mtacheka. Ila aliyejifungua juzi asubiri ukaguzi wa wiki ya sita, na wa upasuaji aulize zaidi. Na kabla hujaanza kujikunja tumbo, lala chali, kunja magoti, inua kichwa, bonyeza juu ya kitovu. Vidole vikizama zaidi ya viwili, misuli ya tumbo imeachana. Nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia kwanza, kujikunja kwa sasa hakukufai.

Maswali. Bibi yangu pale mbele.

("Mzazi akijibana chakula, maziwa yatatoka wapi?")

Ahsante bibi, na uko sahihi kuogopa. Maziwa yanaletwa zaidi na mtoto kunyonya mara kwa mara. Anavyonyonya ndivyo yanavyokuja. Lakini mama akijinyima kwa ghafla, atachoka yeye na maziwa yanaweza kupungua. Ndiyo maana kwa anayenyonyesha nasema nusu kilo kwa wiki, isizidi, na asianze kabla ya wiki ya sita. Maharage, dagaa, mayai, mboga za majani asivipunguze. Apunguze mafuta na sukari.

Na wewe mama wa kanga nyekundu.

("Sindano ya uzazi wa mpango inanenepesha au ni maneno ya mtaani?")

Ile ya miezi mitatu huongeza uzito kwa baadhi ya wanawake. Ni kweli. Pima uzito siku unayochomwa na kila ukirudi, na ukiona unapanda mfululizo mwambie nesi akubadilishie njia. Kuna kitanzi cha shaba, hakina homoni. Usiache tu ukakaa bila chochote. Mimba nyingine kabla huyu hajatembea itakuongezea kilo nyingi kuliko sindano yoyote.

Tepu ninayo hapa na mizani iko pale mlangoni. Kiuno kikizidi sentimita 80 tuzungumze kidogo, kikizidi 88 tuzungumze sana. Wenye watoto mgongoni mpite kwanza. Ila mshusheni mtoto kabla ya kupanda, nisije nikawaandikia na kilo zake.