Picha: Mtandao

Mhadhara kwa wanafunzi wa uandishi wa habari, Mwanza

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliokaa nyuma kabisa karibu na mlango, shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo. Niliombwa nizungumzie namna blogu na simu za wananchi zinavyobadilisha habari za mikoani. Nikaandika kurasa kumi na mbili. Jana usiku nikazisoma nikasinzia mwenyewe, kwa hiyo nimeziacha nyumbani. (Kicheko.) Badala yake nitawasimulia ajali tatu za ziwa hili hapa, ambazo zote tatu niliziandika.

Ya kwanza ni MV Bukoba, 21 Mei 1996. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Meli ilitoka Bukoba jioni, ikapitia Kemondo, na asubuhi ikiwa inakaribia huku Mwanza ikalala ubavu, ikapinduka. Mimi nilikuwa mwandishi wa kujitegemea, nalipwa kwa habari iliyotoka. Isipotoka, unalala na njaa yako. Simu sina. Habari niliipata kwa miguu: niliona watu wanakimbilia bandarini, nami nikakimbia.

Pale bandarini aliyekuwa na habari ni askari mwenye simu ya upepo. Basi waandishi wote tukajibanza nyuma ya askari mmoja kama vifaranga. Akisema "narudia, narudia", sote tunaandika. Watu wenye ndugu melini walisimama hatua chache kutoka kwetu, wakitutazama sisi midomo, kana kwamba tunajua kitu. Hatukujua.

Nilikuwa na kamera na mkanda mmoja wa picha 36. Nilipoumaliza nikautia kwenye bahasha ya kaki, nikaenda uwanja wa ndege, nikamtafuta abiria mwenye sura ya uaminifu. Simjui, hanijui. Nikamwambia, kaka, ukifika Dar kuna mtu atakusubiri ameshika gazeti mkononi. Akaichukua. Ikafika. Picha ikasafishwa Dar, gazeti likachapwa Dar, likapakiwa tena kuja Mwanza. Mtu aliyezika ndugu yake hapa alikuja kuliona gati la kwao kwenye gazeti lililotoka Dar es Salaam, na wakati huo msiba umeshaanuliwa. Anayekuambia zamani habari zilikuwa na heshima, mwulize kwanza zilikuwa zinamfikia nani, na siku ya ngapi.

Na idadi ya waliokufa? Hadi leo hatuna kwa hakika. Meli ilikuwa na uwezo wa kubeba watu 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa. Daraja la tatu ndilo la mama mwenye mikungu ya ndizi na mwanafunzi anayerudi shule. Inatajwa mia nane, wengine wanasema zaidi. Sisi tuliandika tulichopewa na wakubwa, maana hatukuwa na njia nyingine ya kuhesabu, na waliokuwa wanajua nani alipanda walikuwa vijijini Kagera, ambako hakuna aliyewauliza.

Kwa hiyo ninaposikia wataalamu wakisema blogu zimeua magazeti ya mikoani, huwa nauliza: yapi? Huku mikoani palikuwa na mwakilishi wa gazeti la Dar, na mwakilishi huyo anapewa nafasi ndogo ukurasa wa tano, baada ya mkuu wa mkoa kuhutubia. Redio Tanzania ilisomwa toka Dar, na habari za kweli za huku kwetu zilikuwa kwenye matangazo ya vifo. Bibi yangu alizima redio matangazo ya vifo yakiisha. Hakuwa amekosea.

Sasa zikaja blogu. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha alikuwa tayari anablogu kwa Kiswahili, wakati wengi wetu neno lenyewe hatujui tulitamkeje. Septemba 2005, huko Helsinki, akamshawishi Issa Michuzi naye aanzishe yake. Michuzi mnamfahamu, alikuwa mpiga picha wa Daily News. Akaiita globu ya jamii, yeye akawa Ankal, wasomaji wakawa wadau. Vyumba vya habari vilicheka. Harusi, kipaimara, msiba wa Sinza, Mtanzania wa Washington anatafuta unga wa muhogo: hii nayo habari? Nami nilicheka, niungame. Baadaye nikagundua kwamba shemeji yangu aliyeko Uingereza anajua mambo ya Tanzania kabla yangu, na mimi ndiye ninayelipwa kuyajua.

Miaka michache baadaye karibu kila mkoa ulikuwa na kijana wake mwenye blogu. Hapa Mwanza palikuwa na mmoja, jina lake simtaji kwa sababu sikumwomba ruhusa. Kazi yake ilikuwa Mto Mirongo. Kila mvua ikinyesha anasimama daraja lilelile, anapiga picha, anakwenda intaneti kafe, anapandisha. Tarehe, saa, maneno mawili matatu: "Maji yamefika kwenye jiwe jeupe." Chini yake wadau wanabishana. Mmoja anasema hilo si jiwe, ni karavati lililobomoka mwaka jana. Kesho yake kijana anarudi, anapima kwa mti, anaandika: "Mdau alikuwa sahihi, ni karavati." Vijana, katika miaka yangu yote kwenye magazeti sijawahi kuona mhariri akiandika "mdau alikuwa sahihi". Kusahihisha kwetu kulikuwa barua ya wakili inakuja, halafu tunaomba radhi kwa herufi za sisimizi ukurasa wa kumi na tisa.

Sitaki mdhani walikuwa malaika. Waliiba kazi zetu hadi makosa ya chapa. Nimewahi kuona habari yangu kwenye blogu tatu, na zote tatu zimemwita mkuu wa wilaya kwa jina nililolikosea mimi. Na kadiri walivyopata wasomaji ndivyo bahasha za pesa zilivyowafuata, zile zile tulizokuwa tukizipokea sisi. Lakini kulikuwa na kitu ambacho wakati huo sikukithamini: blogu ilikuwa na mwenyewe. Ukikasirika unajua umkasirikie nani.

Machi 2018 zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni. Wenye blogu wajisajili TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano: laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni, na milioni nyingine kila mwaka. Ukiendesha bila leseni, faini isiyopungua milioni tano au jela isiyopungua miezi kumi na miwili, au vyote. Watetezi wa haki za binadamu pamoja na taasisi za habari walikwenda Mahakama Kuu kule Mtwara, mwezi Mei wakapata zuio la muda, mwezi huohuo likaondolewa. Juni JamiiForums, lile jukwaa la mijadala la mtandaoni, wakazima mtambo kwa muda. Yule kijana wa Mirongo hakwenda mahakamani wala hakulalamika. Alifanya hesabu tu. Alikuwa anatengeneza simu pale mjini; milioni moja na laki moja ni mtaji wa kibanda kizima. Akafunga.

Kanuni zililegezwa baadaye, mwaka 2022 mojawapo. Ila niwaambie ninavyoona mimi, na mwalimu wenu wa sheria anaweza kunipinga: kanuni zile hazikumnyamazisha mwananchi. Simu alibaki nayo. Kilichoondoka ni jina. Mwenye blogu alikuwa na anwani, kwa hiyo ndiye aliyetakiwa kulipa. Anayerusha picha kwenye kundi la WhatsApp hana anwani, kwa hiyo halipi. Wote wakahamia huko.

Ndipo ikaja ajali ya pili. Alhamisi, 20 Septemba 2018, MV Nyerere, kivuko cha kati ya visiwa vya Ukerewe na Ukara. Siku ya gulio Bugolora, upande wa Ukerewe. Kivuko kina uwezo wa abiria 101. Kimepinduka karibu kabisa na gati la Ukara, watu wanakiona. Waliokufa ni zaidi ya 220. Hata fundi aliyekutwa hai ndani yake baada ya siku mbili mtakuwa mmemsikia.

Mimi safari hii sikukimbia bandarini. Nilikuwa nakula. Simu ikaanza kutetemeka mezani, kundi la wazazi wa shule, kundi la ukoo, kundi la kikoba cha mke wangu. Picha ile ile moja imenifikia mara saba ndani ya nusu saa: kivuko kimelala, watu wako juu yake. Mhariri Dar ananipigia, tuirushe? Nikaitazama vizuri. Nyuma ya kivuko palikuwa na safu ya minazi. Minazi, ndugu zangu! Mtu wa Ukara angecheka angekuwa na nafasi ya kucheka siku ile. Kule nyuma ya gati utaona mawe, yale majabali yetu yaliyopandana. Nikamwambia asirushe. Akaniambia wenzetu wameshairusha. Nikamjibu basi wenzetu wamehamishia Ukara pwani.

Ile picha ilitoka nchi gani, ajali gani, sikupata kujua. Niliuliza kila kundi: nani amepiga? Kila mmoja ananijibu, nimetumiwa. Yule wa Mirongo angeniambia: niliipiga mimi, saa nane na robo, nimesimama hapa.

Niliondoka usiku kwenda Ukerewe. Kule mwaloni nikamkuta mama mmoja, muuza dagaa, ameketi juu ya mtumbwi uliofudikizwa. Nikampa pole, nikajitambulisha kwamba mimi ni mwandishi wa habari. Akaniangalia muda. Akasema: "Mdogo wangu nimemwona kwenye simu ya jirani. Amelazwa mchangani, kanga imefunuka. Kabla hata sijaambiwa. Ni wewe uliyepiga?" Nikasema hapana, mama, mimi ndiyo nafika. Akasema, "Basi ni nani?"

Sikuwa na jibu. Siku hizo kila mtu alikuwa anaogopa hata tarakimu. Siku chache kabla ya ajali Bunge lilikuwa limepitisha marekebisho ya Sheria ya Takwimu, yaliyokataza kutangaza takwimu za kupinga zile za serikali, ambayo yalikuja kulegezwa mwaka uliofuata. Waandishi wenzangu walikuwa wanasubiri namba ya serikali. Mwaloni watu walikuwa wanahesabu wenyewe, kwa kitongoji: kwetu watano, kwao tisa. Nikaandika hivyo hivyo, kitongoji kwa kitongoji, na majina waliyonipa wenyewe, na kila jina nikauliza nyumba mbili. Hiyo ndiyo habari ninayojivunia kuliko zote, na haikuwa na picha hata moja.

Ya tatu mnaikumbuka wenyewe. Jumapili, 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air imeanguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba. Mkia uko nje ya maji, wavuvi na mitumbwi yao wameizunguka, kamba zinavutwa toka ufukweni. Dunia nzima iliona, na iliona kupitia simu za watu wa Bukoba.  Toka bahasha ya kaki hadi pale ni miaka 26.

Lakini sikilizeni hili. Ndani ya ndege walikuwemo 43. Asubuhi tukaambiwa waliookolewa ni 26. Sote tuliandika 26. Baadaye waliofariki wakatangazwa 19. Toa mwenyewe: 43 ukitoa 19 ni 24. Wale wawili je? Kampuni ikafafanua kwamba wawili kati ya waliokuwa hospitalini hawakuwa abiria. Waliumia katika uokoaji. Video zote zile, mamia, na hakuna hata moja iliyoweza kutuonyesha hao wawili ni nani. Ilitakiwa mtu aende wodini, kitanda kwa kitanda, aulize: samahani, ulikuwa ndani ya ndege? Swali la kijinga hilo. Hatukuliuliza mapema.

Nilifika Bukoba kesho yake. Ufukweni nikakutana na kijana mmoja wa bodaboda aliyenifuata mwenyewe. "Mzee, wewe ni wa habari?" Nikakubali. Akatoa simu yake, kioo kimepasuka, akanionyesha video ya kamba zikivutwa. Nikasema hii nimeiona kwenye televisheni. Akasema, "Naam. Ni yangu." Nikamwambia, kijana, kila mtu hapa anasema ni yake.

Hakubishana. Akasogeza video hadi mwisho wake, akaisimamisha. Kona ya chini kulia palikuwa na kivuli chekundu chekundu kimeingia kwenye picha. Akaweka kidole gumba chake pembeni ya kioo. Kina kovu, kimekatwa na mnyororo wa pikipiki, na ukitazama vizuri lile kovu liko kwenye picha. Kisha akafungua kipande kilichotoka televisheni. Pale pale kwenye kidole wameweka nembo ya kituo.

Aliniomba kitu kimoja tu, hela hakuitaja: jina lake liandikwe. Nikaandika, majina mawili kamili, herufi kwa herufi, nikamsomea akathibitisha. Nikatuma Dar pamoja na video yenyewe kutoka kwenye simu yake. Jioni habari ikatoka. Chini ya picha walikuwa wameandika: "Picha: Mtandao."

Alinipigia saa mbili usiku. Alikuwa ameshaiona.