Neno "damp": kutoka migodi ya makaa mpaka maghala yetu ya korosho

Shikamooni wazee wangu, vijana habari zenu, asanteni sana kwa kuja na jua hili la Mtwara. Nimeombwa niongelee Kiingereza cha kazini, na badala ya kuwaletea maneno mia ambayo yote tutayapitia juu juu nimeona nichukue moja tu, "damp", manake hili nalikuta kila mahali hapa kwetu, lipo kwenye maelezo ya tv, lipo kwenye vitabu vya kilimo cha mboga, lipo kwenye ripoti za maghala, mafundi ujenzi wanalo kwenye michoro yao, na kila mtu akilikuta anasema aah, unyevu, anapita. Sawa, ni unyevu. Lakini lina tabia yake hili neno, na asiyeijua hiyo tabia anaweza kuandika sentensi moja kwenye barua ya mzigo ikamtia hasara mkulima wa Newala ambaye hata hiyo barua hajaiona.

Tuanze na nguo. Umeanika shati asubuhi, saa sita unalishika, halichuruziki, halidondoshi tone, ila kwenye kola na kwenye mishono mkono unahisi ubaridi, sisi tunasema hili bado bichi. Hapo Mwingereza anasema damp. Likiwa linachuruzika ni "wet", likiwa chepechepe wana maneno mengine huko. Kwaiyo ukisoma kwenye karatasi ya tv ufute kioo na "damp cloth" maana yake sio ulowanishe kitambaa upake, ni kitambaa kimeloweshwa kikakamuliwa mpaka hakitoi tone, na maji yakiingia pale pembeni ya kioo ndo mwisho wa tv, watu wanaharibu vitu kwa kukosa hicho kipande kidogo cha maana.

Sasa tabia yenyewe. Waingereza wana maneno mawili ya kitu kilichoshika maji kidogo, damp na "moist", na kwa kipimo cha maji unaweza kuyaweka sehemu moja, tofauti yake ipo moyoni mwa anayesema. Moist mara nyingi ni unyevu unaotakiwa. Keki laini ambayo haijakauka ni moist, udongo mzuri wa kitalu moist, macho yanayolengwa na machozi moist. Damp mara nyingi ni unyevu ambao haukualikwa. Godoro damp, ukuta damp, gunia damp, mtoto amelala kwenye shuka damp. Ukimpa mtu keki ukamwambia ni damp umemwambia haijaiva. Sisemi ni sheria ya chuma, wapo wanaosema udongo damp na hawana ubaya, ila ukiliweka hili kichwani utakosea mara chache. Na hiyo moist nayo ina mambo yake, mwaka 2016 mtafiti mmoja wa Marekani, Paul Thibodeau, alichapisha utafiti akakuta karibu mtu 1 kati ya 5 aliowauliza hapendi hata kulisikia hilo neno, na sababu sio sauti yake, ni kwamba linawakumbusha mambo ya mwilini. Kwaiyo mnaofanya kazi na wageni kule Mikindani, kwenye keki mnaweza kulitumia bila wasiwasi, kwenye mwili wa mtu achaneni nalo.

Swali zuri ni kwa nini damp ina huo ubaya, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu jibu lake linatufikia mpaka mlangoni.

Hili neno lilipoingia Kiingereza halikuwa na maji kabisa. Lilitoka kwa majirani zao wa Uholanzi na Ujerumani ya kaskazini, na maana yake ilikuwa mvuke, hewa inayofuka. Mjerumani mpaka leo mvuke anauita "Dampf" na meli ya mvuke anaiita "Dampfer", wale mababu zetu waliokuwa wanaona meli za moshi za Wajerumani zikitia nanga Lindi na Mikindani walikuwa wanaziona hizo Dampfer. Waingereza wao wakalichukua neno wakaliweka kwa hewa mbaya, hewa inayoua, na mahali lilipokaa zaidi ni kwenye migodi ya makaa ya mawe. Wachimbaji walikuwa na damp za aina aina. Ile inayolipuka waliiita "firedamp". Ile nzito inayokaa chini na kuzima taa, ambayo ni kaboni dayoksaidi na naitrojeni, ikawa "blackdamp". Ile inayobaki baada ya mlipuko, yenye kaboni monoksaidi ndani yake, ikawa "afterdamp", na hii iliua watu wengi waliokuwa wamepona mlipuko wenyewe. Mwaka 1812 kwenye mgodi wa Felling kaskazini mwa Uingereza firedamp ililipuka wakafa watu 92, wakiwemo watoto, na 1815 Humphry Davy akatengeneza taa ambayo moto wake umezungushiwa wavu wa chuma, wavu unapoza moto kiasi kwamba hauwezi kutoka nje ukawasha hewa ya mgodini.

Sasa hiyo firedamp ni nini? Ni methane. Na gesi ya Mnazi Bay ni nini? Sehemu yake kubwa sana ni methane. Ile ile! Kitu kilichowatoa roho wale wachimbaji ndo hiki tulichokigundua hapa Mtwara 1982, na Songo Songo kule Kilwa 1974, na tangu 2015 hiki cha Mtwara kinapita kwenye bomba kwenda Dar es Salaam kuzalisha umeme. Mimi nikipita barabara ya Madimba nikauona ule mtambo hili jambo huwa linanijia. Na linazidi kunoga, kwa sababu moja ya kazi kubwa za mtambo wa gesi ni kuitoa maji ile gesi kabla haijaingia bombani. Inatoka chini ardhini imebeba mvuke wa maji, na maji na methane vikikutana kwenye presha kubwa na ubaridi vinagandana vinakuwa kama barafu vinaziba njia, achilia mbali kutu. Kwaiyo pale Madimba damp ya zamani, yaani gesi, inasafishwa damp ya siku hizi, yaani unyevu. Yaani pale unaweza kusimama ukaziona maana zote mbili za hili neno zikifanyiwa kazi sehemu moja.

Na kabla sijaiacha hiyo habari ya hewa, kaboni monoksaidi ya wale wachimbaji ndo hiyo hiyo inayotoka kwenye jiko la mkaa. Haina harufu, haionekani. Mama zangu, dada zangu, msilale na jiko ndani mmefunga madirisha, hata mvua inyeshe vipi. Haya tuendelee.

Kutoka hewa mpaka maji safari ilikuwa ndefu ila haikuwa na maajabu, hewa ya kufuka inakuwa ukungu, ukungu unakaa ukutani, ukuta unalowa, mpaka kufika miaka ya 1700 damp ni kitu kilicholowa kidogo kama tunavyoijua. Ubaya ukabaki. Na kuna njia nyingine ilichukua, ile ya kuzima na kupunguza nguvu. Moto wa jikoni ukiufukia na majivu ili usizimike ila usiwake, Mwingereza anasema amefanya "damp down". Kumvunja mtu moyo ni "dampen". Vijana wa fizikia hapa mnajua "damping", mtikisiko unaopungua pole pole, shokapu ya bodaboda ikiwa nzima ukipita shimo pikipiki inadunda mara moja inatulia, ikifa inadunda mpaka mbele huko. Hakuna maji hapo hata tone, ni ile maana ya kupunguza, kwaiyo msiandike kwenye mtihani kwamba damping ni kulowanisha.

Kwenye kilimo kuna "damping off". Ule ugonjwa wa kitaluni, miche ya nyanya inalegea kwenye shina karibu na udongo inalala chini inakufa, sisi tunauita kinyausho. Ukisikia kinyausho unafikiri imenyauka kwa kiu, mtu anaongeza maji, na hapo ndo anaimaliza, kwa sababu ni ukungu wa kwenye udongo unaopenda maji mengi na miche iliyobanana. Jina la Kiingereza limeshika upande wa chanzo, la kwetu limeshika kinachoonekana. Punguza maji, panda kwa nafasi, acha hewa ipite.

Kwenye nyumba nitapita haraka, mafundi mpo hapa. "Rising damp" ni yale maji ya ardhini yanayopanda kwenye tofali, ndo yale tunayosema ukuta unakula chumvi, rangi inabanduka chini futi moja mbili. Ile nailoni mnayoweka juu ya msingi kazi yake ndo hiyo, mteja akisema tuiruke tubane hela mwambieni ukweli.

Sasa korosho, na hapa nakaa kidogo. Karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, wa ghala, wakala wa mnunuzi, wote mnaandika Kiingereza. Korosho ghafi ikikauka vizuri unyevu wake unakuwa kwenye asilimia 8 mpaka 10 hivi. Hata iliyokauka sana bado ina maji ndani, ndo maisha ya punje. Kwaiyo kipimo kinaitwa "moisture content", na kuandika moisture 9 sio kukiri kosa, ni namba tu. Lakini ukiandika "the nuts are damp" hujaandika namba, umeandika lawama. Mnunuzi aliyeko India au Vietnam akisoma hivyo anaona gunia lililolowa, anaona ukungu na uvundo, na anaanza kuomba bei ishuke. Nimewahi kuona karatasi, sitataja ya wapi, karani alitaka kusema mzigo umepimwa unyevu uko sawa akaandika mzigo uko damp kidogo. Anayeumia hapo ni yule bibi aliyeokota korosho zake mwezi wa 10 akazianika, akawa anazikusanya mbio kila wingu likitanda. Kazi yake yote ya kuanika ilikuwa kuhakikisha hilo neno haliandikwi!

Na kinyume chake pia, ikiwa magunia kweli yamenyeshewa mwezi wa 12 njiani kutoka Tandahimba, usifiche kwa kuandika moisture slightly high, andika magunia mangapi, yamelowa wapi, chini au juu, halafu uandike damp, hapo ndo mahali pake.

Kuna kaka kule nyuma ameinua mkono, ameuliza hewa ya hapa Mtwara pwani, ile ya mwezi wa 2 shati linakugandia mgongoni, ni damp? Hapana kaka. Hewa ya joto yenye mvuke ni "humid". Damp kwa hali ya hewa wanaitumia kwenye ubaridi, kama kule Makonde juu Newala asubuhi ukungu umeshuka, nyasi mbichi, koti bichi. Hiyo ukiiandika damp Mwingereza atakuelewa mara moja.