Kiti Kilichokaliwa na Begi

BAKARI: Karibuni tena, wapenzi. Rehema leo kaingia na madaftari mawili, na kakaa kabla hata sijamkaribisha.

REHEMA: Niwie radhi kaka, miguu inawaka moto. Siku tatu nimezunguka maktaba ya chuo, orofa tatu, kila baada ya saa moja, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku.

BAKARI: Ile kazi ya kuhesabu viti.

REHEMA: Hiyo hiyo. Unapewa ramani ya kila chumba, kila kiti ni kiduara. Ukikuta mtu unatia mkwaju, kiti kitupu unaacha. Wanataka kujua sehemu za kusomea zinawafaa wasomaji kiasi gani kabla hawajaamua zipi zikarabatiwe.

BAKARI: Vizuri, maana wiki iliyopita tuliwaahidi wasikilizaji mambo matano ya kuzingatia katika tathmini kama hiyo. Ninayo hapa. La kwanza: usiridhike na idadi ya mlangoni. Kile kihesabio kinahesabu miili inayoingia. Mtu mmoja akitoka kupokea simu mara nne na kurudi, ameshakuwa watu watano.

REHEMA: Wala hakikwambii alikaa wapi, au kama alipata pa kukaa. Sasa kabla hujafika la pili, nikwambie kuhusu begi.

BAKARI: Begi gani?

REHEMA: Orofa ya pili, meza ya dirishani, kiti cha pembeni chenye soketi. Saa mbili nafika, nakuta begi la bluu limeegemea mgongo wa kiti, zipu nusu wazi, chupa ya maji ubavuni. Mtu hayupo. Saa tatu, begi. Saa nne, begi. Hadi saa nane mchana, Bakari. Raundi saba!

BAKARI: [anacheka] Na halijasinzia hata mara moja. Linasomea nini?

REHEMA: Cheka, lakini nisikilize. Raundi ya saa nne napanda ngazi, nakuta binti amekaa palepale ngazini, kati ya orofa ya pili na ya tatu. Laptopu mapajani, waya wa chaja umenyooka hadi kwenye soketi ya ukutani, ile wanayochomekea mashine ya kufagilia. Kila mtu akipita, binti anakusanya miguu na kuushika waya usikanyagwe. Anaandika tena mistari miwili, anapita mwingine. Nikatazama ramani yangu. Ngazini hakuna kiduara.

BAKARI: Kwa hiyo begi lina mahali kwenye fomu...

REHEMA: Na binti hana. Nikamchora pembeni kwa kalamu yangu. Nisingemchora, kwenye takwimu zile asingekuwepo siku ile.

BAKARI: Hilo kubwa. Wanaohesabu viti wanahesabu waliopata viti.

REHEMA: Na yule aliyechungulia mlangoni akaona pamejaa akageuka, huyo hata kalamu yangu haikumpata.

BAKARI: Haya, turudi, la pili: dodoso. Lile linalojulikana sana kwenye maktaba za vyuo ni LibQUAL+, lilianza mwaka 2000, kazi ya Chuo Kikuu cha Texas A&M pamoja na chama cha maktaba za utafiti huko Marekani. Maswali ya msingi 22, na kila swali unatoa alama tatu kati ya 1 na 9: kiwango cha chini unachoweza kukivumilia, kiwango unachokitamani, na unachokipata hasa. Halafu wanatazama pengo kati ya unachokipata na viwango hivyo viwili.

REHEMA: Naipenda ile, maana alama moja tupu haisemi kitu. Mtu akikupa 6, hujui kama alitegemea 4 au 8. Ila nikimfikiria binti wa ngazini napata mashaka. Mtu aliyezoea ngazi, kiwango chake cha chini kinakuwa ngapi? Ameshajishusha. Atakupa 3 kwa anachovumilia na 4 kwa anachopata, na maktaba itaonekana imevuka kiwango.

BAKARI: Ndiyo maana hutegemei dodoso peke yake. Halafu hata begi lisingejaza dodoso.

REHEMA: Begi lingejaza lote, muda linao.

BAKARI: [kicheko] Sasa uliliandikaje?

REHEMA: Fomu ina alama ya tatu, «vitu bila mtu». Hapo sawa. Shida ni ripoti. Msimamizi anataka asilimia moja ya matumizi kwa kila chumba. Chumba kile kina viti 40. Raundi moja nilikuta watu 22 na mabegi 10. Nikihesabu watu ni asilimia 55, nikijumlisha mabegi ni asilimia 80. Atakayesoma 55 ataambiwa chumba kinatosha, na atakayesoma 80 ataambiwa kimejaa.

BAKARI: Andika 80.

REHEMA: Siandiki.

BAKARI: Rehema, kiti chenye begi hakikaliki. Mimi nikiingia nikakuta begi lako, sikai. Kwangu kile kiti hakipo. Kama kazi ni kupima jinsi nafasi inavyomfaa msomaji, basi mpime msomaji anayeingia sasa hivi. Amekutana na viti nane.

REHEMA: Amekutana na viti kumi na nane, kumi kati ya hivyo vimefungiwa. Si kitu kimoja hicho! Ukiandika 80 watajaza meza zaidi, wataua ile kona yenye nafasi ya kupumua, na meza mpya zitapata mabegi mapya. Ukiandika 55, wataanza kuuliza kwa nini watu wanashikilia nafasi.

BAKARI: Ukiandika 55 watapunguza viti. Nani atauliza? Mwenye bajeti akiona karibu nusu ya viti ni vitupu, hasomi sentensi ya pili.

REHEMA: Kwa hiyo tuseme begi ni mtu ili bajeti isikatwe?

BAKARI: Hapana, usinigeuzie. Nasema begi ni matumizi. Kuna mtafiti, William H. Whyte, miaka ya 1970 alikuwa akipiga filamu viwanja vya wazi New York. Aliona mtu akifika kwenye kiti kinachohamishika anakisogeza kidogo kabla hajakaa, hata kama kusogeza kule hakumpi kivuli wala jua. Anakifanya chake. Begi ndiyo kusogeza kiti kwenyewe. Mtu anayeandika tasnifu anahitaji kujua kuna pembe yake anayoirudia.

REHEMA: Whyte aliona mtu akisogeza kiti akakaa! Hakusogeza akaondoka kwa muda wa saa sita.

BAKARI: [anacheka] Lakini mwenye begi ulimwona?

REHEMA: Nilimsubiri. Ndicho wanachokosea wengi, wanahesabu vitu hawaongei na mtu. Kule Rochester, Marekani, maktaba ya chuo kikuu ilimleta mwanaanthropolojia, Nancy Fried Foster, wakawapa wanafunzi kamera na ramani waonyeshe siku zao zinavyokwenda. Basi saa nane akaja kijana, alikuwa maabara tangu asubuhi. Hakuwa na kiburi hata kidogo. Akaniambia, «Nikiondoka na begi nikirudi sipati pa kukaa.»

BAKARI: Si unaona? Pamejaa! Mwenyewe amekwambia.

REHEMA: Pamejaa kwa sababu yake na wenzake tisa.

BAKARI: Pamejaa kwa sababu soketi ni chache na kabati za kuwekea mizigo hazipo. Hofu yake ni ya kweli, iandike.

REHEMA: Naiandika, kwa maneno yake. Kwenye asilimia siitii. Kiti alichokaa mtu na kiti alichokaa woga, mimi siwezi kuvipa alama moja wakati binti yuko ngazini.

BAKARI: Na mimi nasema huyo binti yuko ngazini kwa sababu chumba kina asilimia 80. Ukiandika 55, unamwambia alikaa pale kwa kupenda.

REHEMA: Hapo umenigusa. Lakini hapana. Bado hapana.

BAKARI: Basi tumekwama.

REHEMA: Tumekwama, na dakika zimebaki ngapi?

BAKARI: Mbili. Na nimesoma mambo mawili kati ya matano. Mwanga nimeuruka, na kelele, na lile la kurudi kupima tena baada ya ukarabati.

REHEMA: Yaache. Ripoti inatakiwa kesho kabla ya saa sita.

BAKARI: Utaandika ngapi?

REHEMA: Nitaambatisha ramani zenyewe, na pale ngazini nimekoleza wino.

BAKARI: Sikuuliza ramani, nimeuliza namba.

REHEMA: 55.

BAKARI: Wasikilizaji, 80. Tukutane wiki ijayo. Na wewe mwenye begi la bluu, kama unatusikia, tuandikie.