Kifo Anaposimulia: Fani katika Riwaya ya Vita kwa Vijana

MWANAIDI: Karibuni wasikilizaji wetu wa Dar es Salaam na kwingineko. Leo tunaijadili The Book Thief, riwaya ya Markus Zusak wa Australia iliyotoka mwaka 2005. Inamhusu Liesel Meminger, binti anayelelewa na walezi katika mji wa kubuni wa Molching, karibu na Munich, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hatuwezi kuichambua fani yake, yaani ufundi wa namna ilivyosimuliwa, bila kugusa mwisho wa hadithi, kwa hiyo anayetaka kuisoma kwanza atuage hapa.

BARAKA: Ingawa mwandishi mwenyewe, Mwalimu, hakumhurumia msomaji wa namna hiyo. Msimulizi ni Kifo, naye anatangaza riwaya ikiwa bado katikati kwamba Rudy Steiner, rafiki mkubwa wa Liesel, atakufa. Sisi tuliofundishwa darasani kwamba taharuki, ile hamu ya kujua litakalotokea, ndiyo inayomshika msomaji, tunabaki tukijiuliza ni kitu gani kitamfanya kijana wa kidato cha tatu aendelee kufunua kurasa.

MWANAIDI: Kwangu mimi huo ndio ufundi mkubwa kuliko wote uliomo humo. Taharuki haikufutwa, imehamishwa. Hatuulizi tena kama Rudy atapona. Badala yake, kila anapocheza mpira barabarani, anapoiba matufaha au anapomwomba Liesel busu na kunyimwa, tunamtazama huku tukijua jambo asilolijua yeye. Kama mwandishi angetuficha kifo hicho hadi mwisho, angekuwa amekitumia kutushtua tu, na sioni heshima yoyote katika kumshtua msomaji kwa maiti ya mtoto.

BARAKA: Nakubali, na tashihisi, yaani kukipa kisicho mtu sifa za binadamu, inamsaidia. Katika masimulizi yetu Ziraili huja na amri, akatoa roho, akaondoka; hatuambiwi kama amechoka. Huyu wa Zusak ni mfanyakazi asiye na likizo, anayebeba roho kwa upole na kulalamika kuhusu wingi wa kazi.

MWANAIDI: Na ndiyo sababu anazungumzia sana rangi za anga. Wengi huzichukulia kuwa taswira za kupamba lugha, lakini Kifo mwenyewe anaeleza kwamba anazitazama rangi ili asiwatazame waliobaki hai, kwa kuwa hao ndio wanaomuumiza. Mwanzoni kabisa anataja mara tatu alizomwona Liesel: weupe wa theluji siku mdogo wake alipofia ndani ya garimoshi, weusi siku rubani alipoanguka na ndege yake, na wekundu siku mtaa ulipopigwa mabomu. Kwa hiyo rangi hizo ndizo zinazobeba muundo. Tunapewa mwisho kwanza, kisha ndipo tunarudishwa nyuma hadi mwezi Januari 1939. Huo si muundo wa msago, wa matukio kufuatana moja kwa moja tangu mwanzo hadi mwisho, hata kidogo.

BARAKA: Mandhari nayo inafaa kutajwa. Pale Posta, hapa Dar es Salaam, tuna Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza: mtu, bunduki na singe. Riwaya hii karibu haituonyeshi vita ya namna hiyo. Vita yake imo katika chumba cha chini ya nyumba, ambamo familia inamficha Max Vandenburg, kijana wa Kiyahudi.

MWANAIDI: Na ishara iliyo bora kuliko zote imo humo humo. Max anazichana kurasa za Mein Kampf ya Hitler, anazipaka rangi nyeupe, anazianika zikauke, kisha anaandika na kuchora juu yake hadithi ya kumzawadia Liesel. Kitabu kilichohubiri kuangamizwa kwa watu wake kinageuka kuwa karatasi ya kumwandikia mtoto, na mwandishi hasimami kutufafanulia maana yake.

BARAKA: Laiti angejizuia hivyo kila mahali! Yale matangazo mafupi ya Kifo, yaliyokolezwa wino katikati ya ukurasa, yanaukata mtiririko wa masimulizi mara nyingi mno. Mengine yanatuambia jambo ambalo sentensi mbili baadaye tungeliona kwa macho yetu.

MWANAIDI: Usiyahukumu yote kwa pamoja. Mwanafunzi asiyeijua historia ya Ujerumani anahitaji mahali pa kupumzikia na kuelezwa nani ni nani, na matangazo hayo yanamfanyia kazi hiyo bila kuigeuza riwaya kuwa kitabu cha kiada. Pia yanatukumbusha kwamba anayesimulia hayumo miongoni mwa wanadamu, jambo ambalo ni rahisi kulisahau tukishazama katika maisha ya mtaa ule.

BARAKA: Basi ningekuwa mhariri, ningeyaacha yanayotambulisha watu na mambo, nikayafuta yale yanayotangulia kutueleza tuhisi nini.

MWANAIDI: Hayo ya pili nisingeyatetea.