Chuma, Peroksaidi na Maji ya Kahawa

Wakubwa shikamooni. Wanafunzi, habari za mchana.

Waliotoka Mbozi, kunakolimwa kahawa, wanaijua harufu ya maji ya kahawa msimu ukikolea. Mashine ikishamenya matunda ya kahawa, yanatoka maji machafu yenye sukari na utelezi; yakilala kidogo yanachacha, pH (kipimo cha uchachu: ikishuka, uchachu umezidi) inashuka hadi kwenye 4 hivi. Yakiingia mtoni, bakteria wanaila ile sukari na kuimaliza oksijeni ya samaki. Leo tuone jinsi ya kuyasafisha kwa chuma na peroksaidi.

Mwaka 1894 Mwingereza Henry Fenton alieleza jinsi chuma kidogo kinavyoiwezesha haidrojeni peroksaidi (H2O2) kuoksidisha, yaani kuichoma kikemia, asidi ya tartariki. Siri yake ni radikali ya haidroksili, kipande cha molekuli chenye elektroni isiyo na mwenza: hukaa kitambo kifupi mno, lakini hushambulia karibu kila kaboni inayokutana nayo. Nguvu, basi, tunayo. Kinachotukwamisha ni chuma chenyewe. Kinaanza kikiwa chuma cha pili (Fe2+); kikishatoa elektroni kinakuwa chuma cha tatu (Fe3+), na kukirudisha kuwa cha pili kwa peroksaidi ni kazi ya polepole, zaidi ya mara elfu kuliko safari ya kwenda. Bodaboda kapeleka abiria fasta, kurudi kijiweni ndiyo shughuli. Tena pH ikipita 4, chuma hicho kinaganda na kuwa tope la rangi ya kutu, na tope nalo linataka pa kutupwa.

Mtasema: maji ya kahawa si tayari yana uchachu? Ndiyo, ila kuichoma sukari kwa peroksaidi ni kutupa hela. Kila gramu 1 ya oksijeni inayodaiwa na uchafu inataka takriban gramu 2.1 za peroksaidi. Sukari waachieni bakteria kwenye mtambo wa biogesi. Wao wataacha ile rangi ya kahawia isiyowashuka kooni, na pH itakuwa imepanda kwenye 7. Rangi hiyo ndiyo ya kuichoma kwa peroksaidi, lakini kwa pH hiyo chuma kinaganda, na mbinu ya kawaida ya Fenton inashindwa.

Mimi ningeanzia kwenye sitirati, chumvi ya asidi ya limau. Inakishika chuma kisigande, na jua likipiga, mwanga wenyewe unakirudisha kuwa cha pili. Jua la Mbeya halina bili. Ubaya ni kwamba radikali huila sitirati nayo, kwa hiyo itiwe kidogokidogo, si yote kwa mpigo.

Na mkipima COD, yaani ile oksijeni inayodaiwa na uchafu, ondoeni kwanza peroksaidi iliyobaki. Nayo inakula daikromati, kemikali ya kipimo hicho. Namba itapanda, mtakilaumu chuma, kichocheo chenu, bure.

Haya, nani ana swali?